Kipimo cha Utumbo Mpana: Mambo ya Kutarajia Kabla, Wakati na Baada

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo tuliyoyatoa kwa vikundi vya akina mama, wavuvi na wazee wa Ujiji na Kibirizi. Tumeyachapa hapa, pamoja na baadhi ya maswali yaliyoulizwa, kwa faida ya wasomaji wetu walio mbali. Tunaomba anayeweza kusoma amsomee asiyeweza.

  

Jambo la leo si rahisi kulisema mbele ya watu. Tutazungumza juu ya choo, juu ya njia ya haja kubwa, na juu ya kipimo ambacho wengi wakikisikia huinamisha vichwa au hucheka. Cheka kama unataka, lakini usiondoke. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Katika kazi yetu ya kutembelea wagonjwa majumbani, ugonjwa wa sehemu hii ndio unaofichwa kuliko mengine. Mtu atakueleza juu ya homa, juu ya presha, hata juu ya virusi. Lakini damu anayoiona chooni anaweza kukaa nayo mwaka mzima bila hata mke au mume kujua.

Damu kwenye choo si jambo la kunyamazia

Hapa kwetu damu kwenye choo ina sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo zinatibika kwa urahisi. Ipo bawasiri. Yapo mipasuko midogo ya mtu aliyefunga choo. Kuna kuhara damu kwa sababu ya amiba au bakteria. Kuna kichocho cha tumbo, ambacho kinajulikana kuwepo katika mwambao wetu wa Tanganyika. Huletwa na vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi tunapooga, tunapofua na tunapovuta nyavu. Dawa yake, prazikwanteli, ni ya vidonge tu.

Ndiyo maana hatuwaambii kwamba kila damu ni saratani. Tunachowaambia ni kwamba macho hayawezi kutofautisha. Bawasiri hutoa damu, na uvimbe ndani ya utumbo hutoa damu. Mtu aliyewahi kuambiwa ana bawasiri miaka kumi iliyopita huendelea kusema "ni ile bawasiri yangu", kumbe safari hii ni kitu kingine.

Mfano uko hapa hapa Ujiji. Watoto wetu shuleni hufundishwa kwamba David Livingstone alikutana na Stanley hapa mwaka 1871, na wageni huja kuona mnara wake. Wachache wanajua kwamba mzee yule aliteseka miaka mingi kwa bawasiri na kuvuja damu tumboni. Mwaka 1864, alipokuwa kwao Uingereza, alishauriwa afanyiwe upasuaji, hakukubali. Naye alikuwa daktari! Alifia kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwaka 1873, akiwa amedhoofika kwa kuvuja damu nyingi, juu ya malaria na kuhara. Hatuwezi kusema upasuaji ungemwokoa katika zama zile. Lakini zama zake na zetu si sawa. Leo daktari anaweza kuona ndani ya utumbo bila kupasua tumbo.

Basi, nani aende kumwona daktari bila kuchelewa? Ni huyu:

1. Anayeona damu kwenye choo, iwe nyekundu au nyeusi kama lami, hasa ikijirudia.
2. Ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa: mara kufunga, mara kuharisha, au kutoka chembamba tofauti na zamani.
3. Anayehisi choo hakijaisha hata baada ya kwenda haja.
4. Anayekonda bila sababu, au aliyeambiwa ana upungufu wa damu na sababu haikupatikana.
5. Ambaye baba, mama, kaka au dada yake aliugua saratani ya utumbo mpana, hata kama yeye mwenyewe hana dalili.

Na yule ambaye tumbo limevimba, anatapika, hapati choo wala upepo hautoki, asingoje kipimo chochote. Huyo akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua za kwanza ni ndogo

Hakuna anayeanzia kwenye kipimo kikubwa. Nenda kwanza zahanati au kituo cha afya. Choo chako kitapimwa kuangalia amiba na mayai ya kichocho, na damu itapimwa kiwango chake. Daktari atakuuliza maswali, atapapasa tumbo, na ataingiza kidole chenye glovu katika njia ya haja kubwa. Tafadhali usimkatalie. Kidole hicho cha dakika moja kimewahi kugundua mambo makubwa.

Ikionekana kuna haja, utapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Wengine huanzia Hospitali ya Baptist hapa mjini, Kabanga kule Kasulu, au Heri kule Buhigwe. Huko wataamua kama unahitaji kipimo tunachokizungumza, na kifanyikie wapi. Si kila hospitali ina chombo chake na mtaalamu wake, kwa hiyo uliza Maweni kwanza kabla ya kuuza kitu kwa ajili ya safari. Wengi wa ukanda wetu hupewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, na wengine Muhimbili, Dar es Salaam.

Kipimo chenyewe ni nini?

Kitaalamu kinaitwa kolonoskopi. Ni mpira mrefu, laini, unaopindika, wenye unene unaokaribia kidole cha mkono. Kwenye ncha yake kuna taa na kamera ndogo sana. Daktari huuingiza taratibu kupitia njia ya haja kubwa na kuupeleka mpaka mwanzo wa utumbo mpana, ambao kwa mtu mzima una urefu wa karibu mita moja na nusu. Picha huonekana kwenye televisheni iliyo mbele yake.

Ninyi wavuvi mtaelewa upesi. Usiku ziwani bila taa huoni dagaa hata kama wamejaa chini ya mtumbwi. Ukiwasha karabai, unaona. Kipimo hiki ni karabai ya tumboni.

Jambo la pili, na hapa ndipo faida yake kubwa, ni kwamba mpira huo una njia ndani yake ya kupitisha vyombo vidogo. Daktari akiona kinyama kimeota kwenye ukuta wa utumbo, kiitwacho polipu, anaweza kukikata na kukitoa papo hapo. Madaktari waliokuwa New York, akiwemo Hiromi Shinya kutoka Japani, walianza kuvitoa vinyama kwa njia hii mwaka 1969. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama kinyama kidogo kisicho na madhara, kikachukua miaka kadhaa kugeuka. Ukikitoa mapema, umeing'oa saratani kabla haijazaliwa.

Maandalizi: sehemu iliyo ngumu kuliko kipimo

Waliofanyiwa kipimo hiki karibu wote watakuambia kwamba kazi iko kwenye kusafisha tumbo. Utumbo ukiwa na uchafu, kamera haioni kitu, na utarudishwa nyumbani uanze upya. Kwa mtu aliyetoka Kagunga au Kalya kwa boti, kisha akapanda basi kwenda Mwanza, kurudishwa ni hasara kubwa. Kwa hiyo sikilizeni vizuri. Na hospitali itakayokupima ikikupa maelekezo yake yanayotofautiana na haya, fuata ya hospitali.

Wiki moja kabla. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma kwa kawaida husimamishwa siku chache kabla, maana hufanya choo kiwe cheusi na kizito. Anayetumia dawa ya kuyeyusha damu, kama warfarini, au aspirini kwa ajili ya moyo, aseme mapema. Asiache mwenyewe bila kuambiwa. Mwenye kisukari aulize namna ya kutumia insulini au vidonge siku atakayokuwa hali chakula. Dawa za presha na ARV kwa kawaida huendelea, lakini uliza. Mama mjamzito, au anayedhani ni mjamzito, aseme.

Siku mbili au tatu kabla. Kula chakula kisichoacha makapi mengi tumboni: wali mweupe, mkate mweupe, ugali wa sembe, mayai, kuku, au kipande cha kuhe au sangala kilichotolewa miiba. Acha maharage, dona, mahindi ya kuchoma, sombe na mboga nyingine za majani, karanga, na matunda yenye mbegu kama mapera na pasheni. Dagaa wetu nao wapumzike kidogo, maana tunawala na miiba yao. Ni jambo la kuchekesha kwamba chakula kizuri cha kila siku ndicho tunachoambiwa tukiache, lakini ni kwa siku hizo chache tu.

Siku moja kabla. Hakuna chakula kigumu. Ni maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa isiyo na mafuta, na juisi isiyo na makapi. Maziwa na uji havimo. Vinywaji vyekundu au vya zambarau, kama rozela, usinywe, maana daktari anaweza kuona wekundu akadhani ni damu.

Jioni yake utakunywa dawa ya kusafisha tumbo. Mara nyingi ni unga unaochanganywa na maji, na kiasi chake ni lita 2 hadi 4 kulingana na aina. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, si maji ya ziwani moja kwa moja. Ladha yake ni ya chumvichumvi, inakumbusha yale maji ya chumvi na sukari wengi wenu mliyoyanywa wakati wa kipindupindu. Wanaoimudu vizuri huinywa ikiwa baridi, kikombe kimoja kila robo saa, bila kuharakisha. Kichefuchefu kikizidi, pumzika nusu saa kisha endelea. Hospitali nyingi hugawa dawa hii: nusu jioni, na nusu alfajiri ya siku ya kipimo. Usiseme "nimeshaharisha vya kutosha" ukaiacha ile nusu ya pili.

Baada ya saa moja au mbili utaanza kwenda chooni, na utakwenda mara nyingi. Hapo mambo matatu yatakusaidia. La kwanza, jipake vaselini mapema, na jisafishe kwa maji badala ya karatasi, maana ngozi huchubuka. La pili, endelea kunywa maji na vinywaji vilivyoruhusiwa ili usiishiwe nguvu. La tatu, uwe karibu na choo. Utajua umesafika pale kinachotoka kikiwa maji ya manjano, yanayopitisha mwanga kama mkojo. Kama bado ni ya kahawia na yana vipande, mwambie muuguzi kabla hujaingia.

Choo kiko wapi?

Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu vitabu vilivyoandikwa kwa watu wa Ulaya havisemi jambo hili. Vinasema "kaa nyumbani kwako karibu na choo". Mtu wa mwambao wetu hayuko nyumbani kwake. Yuko Mwanza kwa ndugu, katika nyumba ya wapangaji sita wenye choo kimoja nje, au yuko kwenye gesti asiyoijua.

Dawa hii hainywewi ndani ya basi. Hainywewi ndani ya boti. Safari ya basi kutoka Kigoma kupitia Kasulu, Kibondo na Nyakanazi hadi Mwanza humaliza siku nzima, na ya treni kupitia Tabora ni ndefu zaidi. Kwa hiyo fika mapema, walau siku mbili kabla. Ukifikia kwa ndugu, mwambie mwenye nyumba ukweli: "Shangazi, kesho jioni nitakuwa natumia choo sana, ni dawa ya hospitali." Ukisema hivyo mara moja, hakuna atakayekushangaa usiku. Ukifikia gesti, lipia chumba chenye choo ndani kwa usiku ule mmoja, hata kama siku nyingine utalala cha bei ndogo. Na kama wewe ni mzee, una kisukari, au umedhoofika, omba ulazwe wodini kwa ajili ya maandalizi. Si aibu kuomba.

Nenda na mtu. Hili ni sharti, si pendekezo. Atakusaidia usiku, atasikiliza maelekezo, na atakurudisha siku ya kipimo ukiwa bado na usingizi wa dawa.

Juu ya fedha: uliza gharama kabla ya kusafiri, uliza kama bima yako inalipia kipimo hiki, na beba barua ya rufaa, maana bila hiyo unaweza kukataliwa. Asiye na uwezo kabisa aende ofisi ya ustawi wa jamii iliyoko hospitalini akiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wanatambuliwa na sera ya afya kuwa wa kusamehewa. Weka fungu la nauli ya kurudi na la kulala siku mbili za ziada. Wengi husahau hilo.

Siku yenyewe

Utafika asubuhi ukiwa hujala. Utaulizwa jina, magonjwa, mizio na dawa. Utasoma, au utasomewa, fomu ya ridhaa, kisha utasaini au kuweka dole gumba. Hapo ndipo pa kuuliza kila kitu. Uliza pia kama utapewa dawa ya kukutuliza au hapana, maana hospitali hutofautiana.

Utavaa gauni la hospitali lililo wazi nyuma. Utalazwa kwa ubavu wa kushoto, magoti yakiwa yamevutwa kuelekea tumboni, na utafunikwa shuka. Kinachoonekana ni sehemu ndogo tu inayohitajika. Mama anayetaka muuguzi wa kike awepo chumbani aseme mapema.

Utawekewa sindano ya mshipa mkononi na kifaa cha kupima mapigo ya moyo kwenye kidole. Dawa ya kutuliza si nusukaputi kamili. Wengi husinzia na baadaye hawakumbuki mengi. Daktari atapima kwanza kwa kidole, kisha ataingiza mpira uliopakwa jeli. Ataingiza hewa ili utumbo utanuke aone vizuri. Utahisi tumbo limejaa, kama unataka kwenda haja. Usiogope kuchafua kitanda. Utumbo ni mtupu. Kwenye kona za utumbo utahisi msokoto. Vuta pumzi taratibu. Muuguzi anaweza kukandamiza tumbo kwa mkono au kukugeuza, ni kawaida. Maumivu yakizidi, sema. Daktari anaweza kusimama, kutoa hewa, au kuongeza dawa.

Kwa kawaida kazi yote huchukua kati ya dakika 20 na saa moja. Wakikata kinyama au kuchukua kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi, hutasikia mkato, maana ukuta wa ndani wa utumbo hauhisi kukatwa kama ngozi inavyohisi.

Baada ya kipimo

Utapumzika saa moja au mbili. Tumbo litanguruma, na upepo utatoka mwingi. Utoe! Katika chumba kile hakuna anayecheka, wauguzi wenyewe watakuhimiza. Ukishaamka vizuri utapewa ruhusa ya kunywa na kula.

Kama ulipewa dawa ya usingizi, kwa saa 24 usiendeshe pikipiki wala gari, usiongoze boti, usinywe pombe, na usisaini karatasi ya shamba wala ya mkopo. Choo kinaweza kuchelewa siku moja au mbili. Kama walichukua kipande au walikata kinyama, matone machache ya damu si ajabu.

Kipimo hiki ni salama kwa walio wengi, lakini hatutawaficha. Mara chache sana utumbo unaweza kutoboka, au mahali palipokatwa kinyama pakavuja damu, hata baada ya wiki moja au mbili. Kwa hiyo rudi hospitali mara moja ukiona mojawapo ya haya: maumivu makali ya tumbo yasiyopoa, tumbo gumu kama ubao, homa, kutapika, kizunguzungu, au damu nyingi.

Hii ndiyo sababu tunasema usikimbilie basi jioni ile ile. Kaa karibu na hospitali walau siku moja, na kama kilikatwa kinyama kikubwa, muulize daktari ukae siku ngapi. Ukitokwa damu katikati ya ziwa, kati ya Kibirizi na kijiji chako, hakuna wa kukusaidia. Vilevile kuvuta nyavu na kubeba magunia kusubiri mpaka daktari aruhusu.

Majibu

Alichokiona kwa macho daktari anaweza kukuambia siku hiyo hiyo. Mwombe akuambie pamoja na mwenzako, maana dawa ya usingizi husahaulisha. Vipande vilivyochukuliwa hupelekwa maabara, na majibu yake huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa. Usiondoke bila kujua utayapataje: kwa simu, kwa kurudi, au kupitia Maweni.

Wengi huambiwa utumbo ni mzima, au ni bawasiri, au kuna uvimbe wa kichocho au maambukizi mengine yenye dawa. Baadhi hukutwa na vinyama, vikatolewa, wakapangiwa tarehe ya kurudia. Na wachache hukutwa na saratani.

Hata hapo habari haijaisha. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba ikigunduliwa ingali ndani ya utumbo, watu kama 9 kati ya 10 huwa hai miaka 5 baadaye. Ikishaenea mbali mwilini, hawafiki 2 kati ya 10. Ugonjwa ni uleule. Tofauti ni siku ya kugundua. Pelé, mfalme wa soka, alifariki Desemba 2022 kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 82. Mwigizaji Chadwick Boseman alifariki kwa ugonjwa huohuo Agosti 2020 akiwa na miaka 43 tu. Kwa hiyo si ugonjwa wa wazee peke yao.

Maswali yaliyoulizwa

Mzee mmoja aliuliza: Kipimo hiki hakiharibu nguvu za kiume?
Hapana, mzee wetu. Mpira unapita ndani ya utumbo, haugusi mishipa ya uzazi. Unatoka ukiwa mwanaume uleule ulioingia. Wala hakuna hukumu ya aibu juu ya mtu anayetibiwa.

Mama mmoja aliuliza: Mimi hupigwa bomba la dawa za mizizi na bibi mmoja kila tumbo likifunga. Si ni kusafisha huko huko?
Hapana, mama. Bomba la mizizi halionyeshi kilichomo ndani, na linaweza kuunguza au kutoboa utumbo, hasa kama kuna kidonda. Acha, na umweleze daktari kwamba ulilitumia.

Kijana mmoja aliuliza: Sina dalili yoyote. Nikapime tu?
Marekani tangu 2021 wanashauri watu wasio na dalili waanze kupimwa wakiwa na miaka 45. Kwetu vyombo ni vichache, kwa hiyo wenye dalili na wenye historia ya ugonjwa katika familia watangulie. Wewe kijana, fanya yaliyo mkononi mwako. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa Ireland aliyefanya kazi Uganda kuanzia 1946, aliandika mwaka 1971 kwamba Waafrika wa vijijini hawakuugua sana saratani hii kwa sababu ya chakula chao chenye makapi mengi. Utafiti wa baadaye umeunga mkono kwamba makapi hayo husaidia kukinga. Basi maharage, dona, sombe na matunda si chakula cha maskini. Sigara, pombe nyingi, na nyama nyekundu na soseji kila siku ndivyo vya kupunguza.

Ndugu Mwislamu aliuliza: Nikipangiwa tarehe ndani ya Ramadhani?
Kama hali yako si ya haraka, omba tarehe nyingine, maana maandalizi yanadai kunywa maji mengi. Kama daktari amesema ni ya haraka, usiahirishe. Ongea na sheikh wako.

Mwisho

Tunawaomba jambo moja mkifika nyumbani. Usiku huu, kila mmoja amwulize mtu mmoja wa nyumbani kwake, mume, mke, mama mkwe, babu: "Choo chako kikoje?" Atashangaa. Pengine atacheka. Lakini pengine atanyamaza kidogo kabla ya kujibu. Akinyamaza, msindikize zahanati kesho yake asubuhi.